Elgon: Mlima wa magendo uliogeuka soko la wapanda milima

MBALE, Uganda

Mtalii mmoja hapandi Mlima Elgon peke yake. Anaandamana na mwongozaji, askari wa hifadhi mwenye bunduki, mpishi na wapagazi waliobeba hema, sufuria, mchele, unga wa posho, maharage, mayai, vitunguu, mafuta na blanketi. Safari ya siku nne kwenda kileleni na kurudi ni msafara mdogo, na kila kilichomo kwenye mizigo hiyo kimenunuliwa mahali fulani: dukani Jinja, sokoni Mbale, au kwenye vibanda vya Budadiri ambako njia ya miguu inaanzia.

Wafanyabiashara wanaopita kila wiki katika vituo vya Malaba, Busia, Lwakhakha na Suam wanaujua mlima huu kwa macho. Wanauona ukiwa umefunikwa na mawingu pembeni mwa barabara, na wengi wanauhesabu kuwa kikwazo kinachowalazimisha kuzunguka. Ni wachache wanaouhesabu kuwa soko. Lakini soko lipo, lina misimu yake, wanunuzi wake na masharti yake, na sehemu kubwa ya bidhaa linazohitaji ni zilezile ambazo tayari zinavuka mpaka kwenye magunia na mabegi.

MLIMA MMOJA, NCHI MBILI

Elgon ni volkano kongwe iliyozimika, yenye umri mkubwa kuliko Kilimanjaro. Haukuchongoka kama milima mingine, umetanda. Kitako chake kinakadiriwa kuwa na upana wa kilomita 80. Huko juu, badala ya ncha moja, kuna shimo kubwa ambalo wanajiografia huliita kaldera, lenye upana wa takriban kilomita 8, limezungukwa na vilele kama meno ya msumeno. Kilele kirefu kuliko vyote ni Wagagai, mita 4,321 juu ya usawa wa bahari, na kiko upande wa Uganda. Koitobos, chenye mita 4,222, kiko Kenya. Mpaka wa nchi hizi mbili unapita katikati ya mlima.

Maji ya mlima hayaujui mpaka huo. Mto Suam unaanzia ndani ya kaldera, unatoka kwa upande wa mashariki, unafuata mstari wa mpaka, kisha unaitwa Turkwel hadi unapoingia Ziwa Turkana. Mto Manafwa unashuka upande wa Mbale na maji yake yanafika Ziwa Kyoga kwa kupitia Mto Mpologoma. Vijito vya kusini mashariki, upande wa Kenya, vinaingia Mto Nzoia na kumwagika Ziwa Victoria, ziwa ambalo mlango wake wa kutokea ni mmoja tu: Jinja. Anayesimama kwenye chanzo cha Naili kwa hiyo anayatazama pia maji ya Elgon yakiondoka.

Watu nao ni hivyo hivyo. Wabagisu wa upande wa Mbale wanauita mlima huu Masaba, na ndugu zao Wabukusu wako Bungoma, Kenya. Wasabiny wa Kapchorwa wana jamaa zao Wasabaot ng'ambo ya pili. Salamu ya "mulembe" inaitikiwa Mbale na inaitikiwa Bungoma. Tohara ya imbalu, ambayo Wabagisu huifanya katika miaka inayogawanyika kwa mbili na ambayo hufunguliwa katika uwanja wa Mutoto karibu na Mbale, inajulikana kwa Wabukusu pia. Mfanyabiashara anayeuza vitambaa, ngoma au mbuzi hahitaji kuelezwa maana ya mwaka wa imbalu.

KAHAWA, MAGENDO NA CHEPKUBE

Kabla ya watalii, mlima huu uliijua misafara ya namna nyingine. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani ilipita Mumias na kufika miguuni mwa Elgon, ikiwa na wapagazi waliozungumza Kiswahili. Mwingereza Frederick Jackson, aliyeongoza msafara wa kampuni ya Imperial British East Africa, alifika hapo mwanzoni mwa mwaka 1890 na kupanda hadi juu. Jina lake limebaki kwenye kilele kimoja na kwenye ziwa dogo lililo karibu na njia ya Wagagai. Majina ya waliombebea mizigo hayakuwekwa popote mlimani.

Miaka ya 1970 ilileta mzigo mwingine. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni nchini Brazil. Bei ya kahawa duniani ilipanda kwa kasi na kufikia kilele mwaka 1977. Upande wa Uganda, chini ya utawala wa Idi Amin, mkulima alitakiwa kuuza kwa njia ya bodi ya serikali, kwa bei ndogo na kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani. Upande wa Kenya mnunuzi alikuwa anasubiri na fedha mkononi.

Matokeo yake yanajulikana. Kahawa ya Bugisu na Sebei ilivuka mpaka kichwani, mgongoni mwa punda na ndani ya magari, usiku na mchana. Soko la Chepkube, upande wa Kenya chini ya mlima, lilipata jina ambalo wazee wa Bungoma hawajalisahau hadi leo. Wapo waliotajirika kwa msimu mmoja. Wapo pia waliopoteza mali na maisha, kwa sababu serikali ya Amin iliwachukulia wafanya magendo kuwa maadui. Na mwaka uleule wa 1977, kahawa ikiwa ghali kuliko wakati wowote, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kufanya kazi Julai 2000. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza Julai 2010. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, anaweza kupata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa palepale mpakani. Biashara ambayo baba alimfanyia mwanawe usiri sasa ina dirisha, fomu na muhuri.

Kwa wapanda milima, hata hivyo, mambo hayajanyooka kiasi hicho. Hilo litaelezwa zaidi baadaye, maana ndipo penye tatizo na ndipo penye nafasi.

BARABARA KUTOKA JINJA

Wageni wengi wanaokuja mashariki mwa Uganda hutua Entebbe na kusimama Jinja kwanza. Mji huo, uliopandishwa hadhi na kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020 siku moja na Mbale, umezoea wageni wanaotafuta msisimko. Tangu miaka ya 1990 watu wamekuwa wakilipa fedha nzuri kuteremka maporomoko ya Naili kwa boti za mpira. Jinja kuna kampuni za utalii, hoteli za bei zote, wauzaji wa vinyago na vijana waliofundishwa kumwokoa mtu majini.

Lakini Jinja pia ni mahali pa kujifunza hasara. Bwawa la umeme la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012, maporomoko yaliyoupa mji huo sifa yalizama. Kampuni zikahamia chini zaidi ya mto. Bwawa la Isimba lilipozinduliwa mwaka 2019, maji yalifunika sehemu nyingine. Nchi ilipata umeme, lakini aliyekuwa na kibanda cha soda pale Bujagali alipoteza njia ya wateja wake. Mwenye biashara inayotegemea sehemu moja ya maumbile anajua sasa kwamba inafaa kuwa na mguu wa pili. Kwa baadhi ya kampuni za Jinja, mguu huo ni Elgon: siku mbili mtoni, siku nne mlimani, na moja ya kupumzika kwenye maporomoko ya Sipi.

Kutoka Jinja hadi Mbale ni karibu kilomita 150. Gari linapita Iganga, linaacha barabara kuu ya Malaba pale Nakalama na kukata Namutumba, Tirinyi, Budaka na Kamonkoli. Njiani kuna mabonde ya mpunga ya Mto Mpologoma, na mchele wa mabonde haya huwa chakula cha jioni huko kambini. Vituo vya barabarani vinauza rolex za chapati na mayai, nyama choma na ndizi. Abiria akifika Mbale anaukuta ukuta wa mwamba wa Wanale umesimama juu ya jiji, na anaelewa kwamba ameshafika mlimani ingawa bado yuko mjini.

Mbale ni mji wa kahawa. Chama cha ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa mwaka 1954 ili mkulima asimamie mauzo yake mwenyewe, kina makao yake hapa, na kahawa ya arabika ya Bugisu ina jina katika masoko ya nje. Ni hapa pia ambapo msafara hununua vyakula na vifaa vya mwisho, na ambapo Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, inapokea wanaotaka kuingia hifadhini.

SIKU NNE HADI WAGAGAI

Njia tatu ndizo zinazotumika zaidi kufika kileleni. Ya Sasa, inayoanzia Budadiri, ni fupi na yenye mwinuko mkali. Ya Piswa, inayoanzia Kapkwata upande wa Kapchorwa, ni ndefu na ya taratibu. Ya Sipi inaanzia kituo cha Kapkwai karibu na maporomoko. Wengi hupanda kwa njia moja na kushuka kwa nyingine, na hivyo fedha zao hugawanyika kati ya wilaya mbili.

Siku ya kwanza ya njia ya Sasa ndiyo inayowatoa watu jasho. Msafara unapita katikati ya migomba na mibuni, kwenye nyua za watu, watoto wakipiga kelele za salamu. Kisha unakwea miamba ya Mudange kwa ngazi na kuingia hifadhini. Juu ya miamba kuna msitu mnene, halafu mianzi. Kambi ya Mto Sasa iko kwenye mita 2,900 hivi, na anayelala hapo usiku wa kwanza anakuwa amepanda zaidi ya mita 1,500 kwa siku moja.

Siku ya pili miti inakwisha. Inaanza nyika ya baridi yenye mimea ya ajabu, lobelia na senesio kubwa zinazosimama kama watu waliovaa makoti ya majani makavu. Kambi ya Pango la Mude iko kwenye mita 3,500. Usiku baridi inaweza kugandisha maji ndani ya chupa. Siku ya tatu msafara unaondoka mapema kwenda Wagagai na kurudi Mude, na siku ya nne unashuka.

Adui mkubwa huko juu ni hewa nyepesi. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi unakataa. Hata kijana mwenye misuli anaweza kushindwa mahali ambapo bibi wa miaka 60 anapita, kwa sababu mwili unahitaji muda wa kuzoea na hauheshimu misuli. Waongozaji wana kanuni moja isiyo na mjadala: maumivu yakizidi, mgonjwa anateremshwa, hata kama kilele kinaonekana. Dawa ya uhakika ya ugonjwa wa milimani ni kushuka.

Hapo ndipo thamani ya mwongozaji inapoonekana. Mgeni hamlipi ili amwonyeshe njia tu. Anamlipa ili awepo mtu mwenye mamlaka ya kusema "tunarudi", na ambaye kipato chake hakitakatwa kwa kusema hivyo. Mwongozaji anayelipwa kwa kufikisha watu kileleni tu ana sababu ya kunyamaza wakati wa kusema. Kampuni inayojua kazi hulipa siku zilizofanyiwa kazi, si vilele vilivyofikiwa.

SOMO LA WASHERPA

Wafanyabiashara wa mpakani wana wenzao wa mbali ambao hadithi yao inafaa kusikilizwa. Katika milima ya Himalaya, kwenye bonde la Khumbu nchini Nepal, wanaishi Washerpa. Dunia inawajua kama wapanda milima, hasa tangu tarehe 29 Mei 1953, siku ambayo Tenzing Norgay na Edmund Hillary walisimama juu ya Everest, mlima wenye mita 8,849. Lakini kabla ya kujulikana kwa milima, Washerpa walijulikana kwa biashara ya mpakani.

Kwa vizazi vingi walivuka kwenda Tibet kwa kipito cha Nangpa La, kilicho juu ya mita 5,700, wakipeleka nafaka na bidhaa za kusini na kurudi na chumvi na sufu. Mji wa Namche ulikuwa soko lao. Baada ya mwaka 1959, China ilipobana mpaka wa Tibet, biashara hiyo ilikatika. Familia nyingi zilibaki na wanyama wa mizigo, miguu iliyozoea miinuko na mtandao wa jamaa katika kila kijiji, lakini bila bidhaa ya kubeba. Mwaka 1964 aliyekuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, Jimmy Roberts, alifungua huko Nepal kampuni ya kuwatembeza watalii milimani kwa miguu. Washerpa waliingia kwenye kazi hiyo wakiwa na kila kitu isipokuwa mtaji.

Walianza kwa kubeba mizigo ya wengine. Baadaye wakafungua nyumba za wageni, maduka, na hatimaye kampuni. Leo kampuni za Wanepali wenyewe ndizo zinazoshika sehemu kubwa ya misafara ya Everest. Na tangu Aprili 2023 serikali ya Nepal imewataka wageni wanaotembea katika maeneo ya hifadhi wawe na mwongozaji mwenye leseni.

Hadithi hiyo ina upande wa machozi. Tarehe 18 Aprili 2014 poromoko la barafu liliua wafanyakazi 16 wa Kinepali waliokuwa wakiandaa njia ya wateja. Wenzao waligoma, wakadai bima na fidia bora kwa familia, na msimu mzima wa kupanda kutoka upande wa Nepal ukafutwa. Walikuwa wametambua kwamba mtu anayebeba soko zima mgongoni ana haki ya kuuliza watoto wake watakula nini akianguka.

Elgon haina barafu ya Everest, lakini maswali ni yaleyale. Mpagazi amebeba kilo ngapi? Kwenye Kilimanjaro kuna kikomo cha kilo 20, na mizigo hupimwa getini. Je, amepewa koti, gambuti na mahali pakavu pa kulala? Nani anamlipa akivunjika mguu? Kampuni ya Jinja au ya Nairobi inayouza safari ya Elgon bila majibu ya maswali haya inauza bidhaa yenye kasoro, hata kama mteja hajui.

FEDHA HUKAA WAPI

Kupanda Elgon ni ghali kidogo kwa mgeni wa ng'ambo na nafuu kwa mkazi wa kanda hii. UWA ina viwango tofauti: kimoja cha wageni kutoka nje, kingine cha wageni wanaoishi nchini, na cha raia wa Afrika Mashariki ambacho ni cha chini na hulipwa kwa shilingi. Wanafunzi, vikundi vya kanisa na msikiti, na wafanyakazi wa ofisi za Kisumu, Eldoret na Kampala ni soko ambalo halijachimbwa vya kutosha.

Kwa mujibu wa sheria ya Uganda, asilimia 20 ya makusanyo ya kiingilio cha hifadhi hurudi kwa jamii zinazopakana nayo. Hilo lina uzito hapa, kwa sababu hifadhi hii haikuanzishwa kwenye ardhi tupu. Ilipotangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu waliozoea kulisha na kulima mlimani waliondolewa. Wabenet, jamii ya juu ya mlima upande wa Kapchorwa, walikwenda mahakamani, na Oktoba 2005 Mahakama Kuu iliyokaa Mbale iliidhinisha makubaliano yaliyowatambua kuwa wenyeji wa eneo hilo. Mgogoro wa ardhi haukuisha siku hiyo. Mwongozaji anapompitisha mgeni mbele ya nyua hizo, anampitisha katika historia yenye wenye uchungu.

Mlima wenyewe umechoka mahali pengine. Tarehe 1 Machi 2010 udongo uliporomoka Nametsi, wilaya ya Bududa, ukafukia vijiji na kuua mamia ya watu. Mwisho wa Julai 2022 mafuriko yaliingia Mbale mjini. Miteremko iliyolimwa hadi juu haishiki maji. Kila familia inayopata riziki bila kukata mti ina faida kwa yule anayeishi chini yake, na pia kwa dereva wa lori ambaye daraja likichukuliwa na maji mzigo wake unalala.

Ndiyo maana swali la fedha hukaa wapi si la watalii peke yao. Mgeni akinunua kila kitu Kampala na kulala ndani ya hema, Budadiri inabaki na vumbi la gari. Akila viazi na vitunguu vya huko, akalala kwenye nyumba ya wageni, akanunua kahawa iliyokaangwa na mkulima, fedha zinapanda mlima pamoja naye.

Nafasi za wafanyabiashara zinaonekana wazi. Ya kwanza ni vifaa. Makoti mazito, suruali zisizopitisha maji, glavu, soksi za sufu na mifuko ya kulalia hupatikana ndani ya marobota ya mitumba, lakini mara nyingi huuzwa kwa bei ya nguo za kawaida kwa sababu muuzaji hajui ameshika nini. Anayezichambua na kuzikodisha kwa siku Mbale au Budadiri hupata fedha mara nyingi kutoka kwa koti moja. Gambuti ni lazima wakati wa matope, na wapagazi wenyewe ndio wateja wa kwanza.

Ya pili ni chakula. Msafara hununua kwa pamoja na kwa haraka, na hupenda muuzaji mmoja mwenye kila kitu, vipimo sahihi na risiti. Ya tatu ni kahawa na vitu vya kubeba nyumbani. Malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi ambayo Wabagisu hupika na karanga, huwavutia wageni, lakini yanatoka hifadhini kwa makubaliano maalumu kati ya UWA na vijiji. Muuzaji aulize yametoka wapi kabla ya kununua.

Misimu ni rahisi kukumbuka. Ukavu wa Desemba hadi Machi na ule wa Juni hadi Agosti ndio wakati wa wapandaji. Aprili na Mei ni miezi ya kutengeneza hema na kukusanya madeni.

MPAKA JUU YA MLIMA

Safari nzuri kuliko zote kwenye Elgon ni ile ya kupanda upande wa Uganda, kushuka ndani ya kaldera hadi kwenye chemchemi za maji moto za bonde la Suam, na kutokea Kenya kwa lango la Chorlim, karibu na Kitale. Upande huo una pango la Kitum, ambalo tembo huliingia usiku kukwangua chumvi ukutani. Hifadhi ya Kenya ilitangazwa mwaka 1968, miaka zaidi ya 20 kabla ya ile ya Uganda. Mgeni anayeweza kuziona zote mbili kwa safari moja hutumia fedha katika Jinja, Mbale, Budadiri na Kitale.

Lakini muhuri wa pasipoti haugongwi ndani ya kaldera. Anayetaka kuvuka lazima apange mapema na UWA pamoja na Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, alipe pande zote mbili, abadilishe mwongozaji na askari, na amalize mambo ya uhamiaji kwa utaratibu waliokubaliana nao maofisa. Visa ya pamoja ya watalii ya Uganda, Kenya na Rwanda, inayouzwa dola 100 kwa siku 90, imepunguza usumbufu wa kuomba ruhusa ya kila nchi peke yake. Haijaondoa safari ya kwenda ofisini.

Wafanyabiashara wanaujua ugonjwa huu. Waliupata Malaba na Busia kabla ya vituo vya pamoja vya mpakani, ambako sasa maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Barabara ya lami ya Kapchorwa hadi Suam, kilomita 73, iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, imeufanya upande wa kaskazini wa mlima kuwa njia ya kweli ya kwenda Kitale na Eldoret. Kilichowezekana kwa lori la mahindi kinaweza kuwezekana kwa mtu mwenye begi mgongoni: tiketi moja inayotambuliwa na hifadhi zote mbili, na ofisa wa uhamiaji anayepokea orodha ya msafara kabla haujaanza kupanda.

Jambo hilo halitaletwa na watalii, maana mtalii hupita mara moja. Litaletwa na wanaonufaika kila msimu: vyama vya waongozaji na wapagazi, wenye nyumba za wageni wa Sipi na Kitale, kampuni za Jinja, na vyama vya wafanyabiashara wa mpakani ambavyo tayari vinajua mlango wa kugonga na jinsi ya kusubiri mezani hadi jibu litoke. Mwenye duka Lwakhakha au Suam anaweza kuanza na hatua ndogo zaidi: kumtafuta mwongozaji mwenye kitambulisho cha UWA, kumuuliza msafara ujao unahitaji nini, na kumwekea bei ya jumla kabla ya Desemba.